KUFUNGA NJIA WAKATI WA MARADHI: HISTORIA INATUFUNDISHA NINI?



Kamati imetuomba sisi walimu tuandike habari ya historia kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu. Tumechagua jambo linalomhusu kila mkaaji wa kambi: kufungiwa njia wakati wa maradhi ya kuua.

Neno karantini limetokana na Kiitaliano, na asili yake ni hesabu ya siku arobaini. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo huitwa Dubrovnik, uliamuru watu watokao penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye siku hizo zikawa 40.

Huko kwetu Kongo, wazee walifungiwa njia na wakoloni kwa sababu ya malale. Kuanzia mwaka 1906 serikali ya Mfalme Léopold II, na baada ya 1908 Wabelgiji, walitenga maeneo, wakamdai msafiri pasi ya daktari, na kuwapeleka wagonjwa katika kambi zilizolindwa. Dawa ya wakati ule, atoksili, iliwapofusha baadhi yao. Basi watu wakakimbilia porini na kuwaficha ndugu zao, na ugonjwa ukaenda pamoja nao.

Mwaka 1976 Ebola ilizuka Yambuku. Mgonjwa wa kwanza kujulikana pale alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Eneo la Bumba lilifungwa. Lakini kilichosaidia zaidi ni kwamba sindano zilizokuwa zikitumiwa kwa watu wengi zilikoma hospitali ilipofungwa, na wanavijiji wenyewe wakawatenga wagonjwa. Kikwit nako, mwaka 1995, barabara ya Kinshasa ilifungwa, lakini moto ulizimwa na glavu, wodi ya peke yake na mazishi ya uangalifu.

Tuwatazame pia jirani zetu Waacholi wa Gulu, Uganda, ambako Ebola iliingia mwaka 2000. Wazee wao walikuwa na sheria za zamani kabla ya daktari yeyote kufika. Mgonjwa alikaa nyumba ya peke yake, na mlangoni zikasimamishwa fito mbili za matete ili wageni wajue. Alihudumiwa na mtu aliyekwisha kuugua akapona. Ngoma zilisimama, na aliyepona alingoja mwezi mzima kabla ya kuchangamana na watu. Hiyo ni karantini kamili, lakini mgonjwa hakuachwa bila mlezi.

Katika Kivu Kaskazini na Ituri, kati ya 2018 na 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hatari ya kimataifa, lakini likashauri mipaka isifungwe. Sababu ilikuwa wazi: ukifunga njia kuu, watu hupita njia za panya, na huko hakuna anayewapima homa wala kuwanawisha mikono.

Ndugu zetu, kambini jambo hili ni zito zaidi. Mama akifungiwa nyumbani siku ya mgao, watoto wake watakula nini? Mama huyo atamficha mgonjwa, wala si kwa ujinga. Kwa hiyo tunaiomba Kamati na wakuu wa mitaa wakumbuke mambo matatu siku maradhi yatakapokuja:

1. Aliyefungiwa apelekewe posho, maji na kuni mlangoni pake.
2. Aambiwe ukweli kwa lugha yake: amefungiwa kwa nini, na kwa siku ngapi.
3. Achaguliwe mtu anayemwamini wa kumtazama mgonjwa na kuleta habari zake.

Nasi wakaaji tuna wajibu wetu, yaani kutoa habari mapema. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humuumbua.