Vipepeo na Miti ya Asili Kandokando ya Dar es Salaam

Wasikilizaji wetu, jioni hii twataka kusimulia khabari za kipepeo na nyuki, na jinsi mji wetu ulivyowaondolea makao yao.

Hapo kale, mahali palipo Dar es Salaam palikuwa na kijiji cha Mzizima, na nyuma yake vichaka na misitu. Katika miaka ya 1860 Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, alianza kujenga mji hapo. Mwaka 1891 Wadachi waliufanya makao makuu ya serikali yao, na mwaka 1893 wakaanzisha bustani ya kujaribia mimea, mingi yake ya nchi za kigeni. Mwaka 1967 mji ulikuwa na watu zaidi ya 270,000. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Huko Kinondoni na Temeke vichaka viligeuka nyumba, na misitu ya Pande na Pugu ni mabaki tu ya ile ya zamani.

Je, hasara yake nini? Tutoe mfano. Vanila, ambayo asili yake ni Mexico, ilipelekwa kisiwa cha Réunion bila ya mdudu wake. Ikachanua, lakini haikuzaa vema, mpaka mwaka 1841 mtoto mtumwa, Edmond Albius, mwenye umri wa miaka 12, alipovumbua njia ya kuunganisha ua kwa kijiti na kidole. Tangu hapo watu hufanya kwa mkono kazi ya mdudu.

Nasi tutazame miboga yetu. Ina maua ya kiume na ya kike mbalimbali. Asipopita mdudu kuufikisha unga wa ua la kiume kwa la kike, kiboga kichanga hunyauka kikaanguka. Mwenye shamba hulaumu udongo au mvua, kumbe aliyekosekana ni mgeni wa asubuhi.

Basi yatupasa kumrudishia makao. Kipepeo huhitaji maua ya kumlisha, na majani ya kumlea mtoto wake, ndiye kiwavi. Wala kiwavi hali kila jani. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hutaga juu ya mndimu na miti ya jamaa yake, kama mjafari wa porini. Wengine hutaga juu ya mtopetope wa mwitu. Miti hiyo ipandwe mipakani mwa viwanja. Mbuyu usikatwe, maana maua yake hufunguka jioni, na popo huja kuyanywa. Kipande cha ardhi kiachwe bila saruji, kwa kuwa nyuki wengine huchimba viota udongoni. Dawa ya wadudu isinyunyizwe maua yakiwa wazi.

Watoto nao wafundishwe wasimponde kiwavi. Majani machache anayokula ndiyo ujira wa kazi atakayoifanya akiisha kuota mabawa.

Msitu wa Mzizima hatuwezi kuurudisha. Mti mmoja kwa kila nyumba twauweza. Kwaherini.