Watu Saba Walioshika Usukani

Mtu akisikia kwamba tajiri amejenga nyumba ya kuchunguza maradhi, hudhani kwamba fedha ndizo zilizofanya kazi yote. Sisi tulipozifuata habari za Chuo cha Rockefeller, mjini New York katika nchi ya Marekani, lililotustaajabisha zaidi ni jinsi mwenye fedha alivyokubali kunyamaza.

Katika mwaka 1897 Frederick T. Gates, aliyepata kuwa mchungaji wa Kibaptisti, alikuwa mshauri wa John D. Rockefeller, tajiri wa mafuta ya taa. Mwaka huo alisoma kitabu kinene cha utabibu cha daktari William Osler. Akaona kwamba madaktari wa siku zile walijua sana kuyaeleza maradhi, bali waliyoweza kuyaponya yalikuwa machache mno. Basi akamshauri bwana wake aanzishe nyumba ya uchunguzi. Januari 1901 mjukuu mdogo wa Rockefeller akafa kwa homa nyekundu, ambayo haikuwa na dawa; na mwaka ule ule tajiri akaahidi dola 200,000, zitumiwe kwa muda wa miaka kumi.

Lakini ni nani atakayeamua zitumiweje? Likachaguliwa baraza la wataalamu saba, na mkuu wao William Welch, mwalimu wa utabibu huko Baltimore. Pamoja naye walikuwamo Prudden, Holt, Herter, Biggs, Theobald Smith na Simon Flexner. Huyo Smith wafugaji wa kwetu wamfahamu, ijapokuwa si kwa jina: katika mwaka 1893 yeye na mwenziwe Kilborne walithibitisha kwamba homa ya ng'ombe wa Texas huenezwa na kupe. Nasi tupelekapo ng'ombe joshoni kwa kuogopa ndigana, twafuata elimu ya namna hiyo hiyo.

Wale saba hawakukimbilia kujenga. Kwanza waligawa fedha kidogo kidogo kwa wachunguzi waliokuwa wakifanya kazi penginepo, ili wapate kuwajua watu wenyewe. Kazi moja ya mwanzo ilikuwa kuyapima maziwa yaliyouzwa mjini New York, kwa maana watoto wachanga wa maskini walikuwa wakifa wengi wakati wa joto. Kisha wakatafuta mkurugenzi. Smith aliombwa, akakataa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa maradhi ya wanyama, akakubali Flexner. Mwaka 1904 walianza katika nyumba ya kupanga, mwaka 1906 wakaingia katika majengo yao, na mwaka 1910 wakafungua hospitali.

Mwaka huo wa 1910 ndipo mapatano yalipokazwa: wadhamini watunze mali, na baraza la wataalamu litawale kazi yote ya uchunguzi. Kwa maoni yetu, hapa ndipo penye kiini cha habari yote. Mwenye mali hutaka kuona matunda upesi, na maradhi hayamsikilizi.

Hatusemi kwamba wenye elimu hawakukosea. Hideyo Noguchi, Mjapani mwenye bidii nyingi aliyefanya kazi katika chuo hicho, alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha homa ya manjano, na Flexner akamwunga mkono miaka mingi. Mwaka 1927 wachunguzi wengine katika Afrika ya Magharibi walionyesha kwamba sicho. Noguchi alikwenda Accra kutafuta hakika, akafa huko kwa homa hiyo hiyo mwaka 1928.

Tena yuko Peyton Rous. Mwaka 1911 alieleza kwamba saratani ya kuku yaweza kupitishwa kwa maji yaliyochujwa hata hayana chembe hai za uvimbe wala bakteria. Wengi hawakumsadiki. Yeye mwenyewe aliiacha kazi hiyo miaka mingi, kisha akairudia, wala chuo hakikumfukuza. Mwaka 1966 alipewa tuzo ya Nobel, naye ni mzee wa miaka 87. Baraza lile lilikuwa limekwisha kuunganishwa na wadhamini tangu mwaka 1953, na chuo kimekuwa chuo kikuu. Na katika wale saba wa kwanza hakubaki hata mmoja wa kumpa mkono. Flexner, aliyekuwa wa mwisho wao, alikufa mwaka 1946.