Uraia hufuata wazazi, haufuati mahali pa kuzaliwa

Leo tuongee juu ya swali ambalo limemwaga damu nyingi katika Kivu: nani ni Mkongomani, ikiwa baba yake ao mama yake alizaliwa ngambo ya mpaka?

Siku moja, katika mafundisho ya sheria mjini Bukavu, mama mmoja aliinua mkono. Akasema: «Mwalimu, mimi nilizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Wazazi wangu walizaliwa Fizi. Mtoto wangu huyu amezaliwa hapa. Jirani ananiambia mimi ni Mtanzania, na mtoto wangu hana nchi. Ni kweli?» Kabla sijajibu, mzee mmoja akasimama: «Na mimi? Nilizaliwa Masisi mbele ya uhuru, lakini baba yangu alizaliwa Ruanda, akaletwa na Wabeleji.» Watu wakaanza kunung'unika. Kwa mama walikuwa na huruma. Kwa mzee hawakuwa nayo. Lakini sheria inayowajibu wote wawili ni moja.

Ili tuielewe, turudi nyuma. Mpaka wetu wa mashariki haukuchorwa na babu zetu. Mwaka 1885 mfalme Leopold II alijitangazia nchi yake ya Kongo. Tarehe 15 Novemba 1908 ikawa koloni la Ubelgiji. Mpaka na Ruanda ulipatanishwa na Wazungu mjini Brussels mwaka 1910. Hapo watu waliokuwa wakisema kinyarwanda katika Rutshuru walijikuta upande wa Kongo bila kuhama hata hatua moja. Hao hawakuvuka mpaka. Mpaka ndio uliwavuka.

Kisha wakaja wengine. Kuanzia 1937 mpaka 1955 Wabeleji waliwahamisha makumi ya maelfu ya watu kutoka Ruanda, wakawaleta Masisi kufanya kazi na kulima. Wakati ule Ruanda-Urundi na Kongo zilikuwa chini ya utawala mmoja wa Wabeleji. Wahunde, wenyeji wa milima ile, hawakupewa nafasi ya kweli ya kukubali ao kukataa. Mwaka 1959 machafuko ya Ruanda yakaleta wakimbizi. Kwa hiyo jina moja, «Wanyarwanda», lilifunika watu wa historia tatu mbalimbali. Kosa letu kubwa lilianzia hapo: kuwaweka wote katika kapu moja.

Sasa angalia jinsi sheria ilivyocheza na tarehe. Katiba ya 1964 ilisema: Mkongomani ni mwenye mzazi ao babu wa kabila ao sehemu ya kabila lililokuwa Kongo mbele ya tarehe 18 Oktoba 1908. Mwaka 1971 amri ya rais Mobutu ikawapa uraia kwa jumla watu wa asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa hapa tarehe 30 Juni 1960. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 ikarudi nyuma kidogo: waliokaa Kivu tangu mbele ya Januari 1950 bila kuondoka. Halafu sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ikafuta hayo, ikarudi mpaka 1885. Mtu aliyelala akiwa raia aliamka akiwa mgeni katika shamba lake, bila kufanya kosa lolote.

Matunda yake tuliyaona. Mwaka 1993 vita viliwaka Walikale na Masisi. Maelfu walikufa, Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu na Watutsi, na vijiji vilikimbiwa. Mwezi wa Aprili 1995 bunge la mpito la Zaire lilichukua azimio la kuwaondoa wote lililowahesabu kuwa wageni. Mwaka uliofuata vita vikubwa vikaja. Sisemi sheria peke yake ndiyo ilileta vita. Kulikuwa na tamaa ya uongozi, kulikuwa na njaa ya mashamba, kulikuwa na majeshi ya nje. Lakini sheria yenye kuyumba iliwapa wachochezi kiberiti.

Baada ya mapatano ya wanasiasa, ilitoka sheria ya tarehe 12 Novemba 2004. Inasema kwamba Mkongomani wa asili ni kila mtu wa makabila ambayo watu wao na ardhi yao vilifanya nchi iliyokuwa Kongo wakati wa uhuru. Haitazami tena 1885. Inasema pia kwamba mtoto ambaye baba ao mama yake ni Mkongomani, naye ni Mkongomani tangu kuzaliwa. Baba ao mama: mmoja anatosha.

Basi, mama wa Nyarugusu, jibu lako ni hili. Wazazi wako ni Wakongomani, kwa hiyo wewe ulizaliwa Mkongomani, na mtoto wako vilevile. Kambi haikukupa uraia wala haikukunyanganya. Karatasi ya ukimbizi si karatasi ya uraia. Angalisho ni moja: uraia wetu haukubali kuchanganywa na mwingine. Mkubwa anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa kupenda anapoteza wa Kongo, na inambidi aombe kuurudilia.

Na wewe mzee wa Masisi, sheria haikuulizi baba yako alizaliwa mlima gani. Inauliza kama jamii yake ilikuwa sehemu ya Kongo siku ya uhuru. Aliyeingia nyuma ya siku ile ana njia nyingine, ya kuomba uraia mtu mmoja mmoja. Hivi hatumfukuzi wa zamani kwa sababu ya mpya, wala hatumwingizi mpya kwa kujificha nyuma ya wa zamani.

Najua hofu ya ndugu zangu wenyeji. Wanasema: «Tukikubali uraia wao, watachukua nchi yetu na kiti cha mwami.» Hofu hiyo ina mizizi, tusiicheke. Lakini tutenganishe mambo. Uraia ni jambo moja, shamba ni jambo lingine, na umwami ni la tatu. Kuwa raia hakumpi mtu shamba la jirani. Na ugomvi wa shamba hautatuliwi kwa kumwondolea mtu uraia. Unatatuliwa kwa mashahidi, mapatano na tribinali.

Kwenu familia mliokimbia: andikisheni watoto katika ofisi ya etasivili ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, hata kama mko kambini. Kama siku zimepita, tribinali ya watoto inaweza kutoa hukumu. Chungeni kila karatasi: kitambulisho cha babu, kadi ya ubatizo, karatasi ya masomo, karatasi ya ukimbizi. Waandikieni watoto majina ya mababu na vijiji vyao, maana moto huchoma nyumba na karatasi pamoja.

Kwenu machefu na wazee: mtu akiomba ushuhuda wa asili yake, ulizeni majina na mashahidi. Msiangalie pua wala lugha. Ushuhuda wa uongo unauza kijiji; na kukataa ushuhuda wa kweli kunamfanya mtoto asiye na kosa kuwa mtu bila nchi.

Yule mama na yule mzee walitoka katika mafundisho kwa mlango mmoja. Sijui kama walisalimiana. Lakini wote wawili walikuwa wamesikia jibu la mwenzake, na hiyo ni mwanzo.