Somo la Historia: Kazi ya Kwanza ya Msomi

Mwenye miwani na aivae. Mwenye mtoto mchanga na akae karibu na mlango. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: CHETI na KAZI. Mengine tutayaongeza mbele ya safari.

Nimepata barua ya mwanakisomo mmoja, mzee wa makamo. Aliuza ng'ombe wawili ili mwanawe asome chuo. Kijana amehitimu, na huu ni mwaka wa pili yuko nyumbani. Jirani anamwambia mzee, "Zamani mtu akimaliza chuo alikuta kazi inamngoja. Huyu wako ana lake jambo." Mzee anauliza kama ni kweli. Swali lake ni la historia, basi na tulijibu kwa historia.

Jirani hakusema uongo. Kazi ilikuwa ikimngoja msomi. Lakini kwa nini ilimngoja?

Turudi mwaka 1961. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba mwaka huo. Waingereza walikuwa wametutawala miaka zaidi ya 40, lakini waliosomeshwa hata wakafika chuo kikuu walikuwa wachache mno. Mwalimu Nyerere alipata kueleza kwamba tulianza uhuru tukiwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Nchi nzima hiyo, toka Bukoba mpaka Mtwara! Mwezi Oktoba mwaka ule ule, Chuo Kikuu kilifungua mlango wake Dar es Salaam, ndani ya jengo la chama cha TANU. Kilifundisha sheria tu, na wanafunzi wake hawakufika 20. Pengine darasa lenu leo lina watu wengi kuliko chuo kile.

Maofisini nako, viti vya juu vingi vilikaliwa na Wazungu, nao walikuwa wakifunga mizigo kurudi kwao. Kila kiti kilichoachwa wazi kilitaka mtu. Kwa hiyo Serikali ilimlipia mwanafunzi masomo, naye akatia sahihi kwamba akimaliza ataitumikia miaka mitano. Hakuhangaika kuandika barua za kuomba kazi. Aliambiwa tu: wewe nenda Dodoma, wewe nenda Songea. Mwalimu, andika neno la tatu: KUPANGIWA. Mtu aliyepangiwa hakutafuta, alitafutwa.

Msidhani lakini kwamba mambo yalikuwa asali tupu. Mwaka 1966 Serikali ilitaka kila msomi alitumikie Taifa kwa miaka miwili. Angeanza kambini kwa miezi michache, kisha angefanya kazi yake ya kawaida kwa asilimia 40 ya mshahara. Maana yake, katika kila shilingi 100 angepokea 40. Wanafunzi walikasirika. Mwezi Oktoba wakaandamana mpaka Ikulu. Mwalimu Nyerere akawasikiliza, naye akakasirika kuliko wao. Akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi zaidi ya 300 wakarudishwa makwao. Wengi wao walipokewa tena chuoni baadaye.

Juu ya ugomvi huo watu wanabishana mpaka leo. Mimi naona vijana wale walikosa adabu ya maneno, lakini wengi wao walikuwa wakitegemewa na ukoo mzima, na 40 katika 100 haigawanyiki kwa ukoo. Lakini hebu tazameni jambo moja. Walichogombania ni kiasi cha mshahara wa kazi ya kwanza. Katika wote wale, nani aliogopa kuikosa kazi yenyewe?

Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, mambo yaligeuzwa kichwa chini miguu juu. Kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa kwenda moja kwa moja chuo kikuu. Alipita kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akafanya kazi, na wakubwa wake wa kazi wakashuhudia kwamba anafaa. Kazi ikatangulia, cheti kikafuata. Sharti hilo lililegezwa miaka ya baadaye.

Sasa tufike penye uchungu. Mwaka 1978 tuliingia vitani na Idi Amin. Mafuta yalipanda bei duniani, na mazao yetu yakashuka bei. Hazina ikakauka. Mwaka 1986 Serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na baadhi ya masharti yalihusu kupunguza matumizi. Katika miaka ya 1990 maelfu ya watumishi wa umma walipunguzwa kazini. Na yule anayewapunguza wa zamani atawapangia wapi wapya? Kupangiwa kwa kila msomi kukaisha.

Wakati huo huo vyuo viliongezeka. Cha Mtakatifu Agustino kule Mwanza kikawa chuo kikuu mwaka 1998. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007. Ni jambo jema; tulilitaka tangu uhuru. Ila mwaka 1961 viti vilikuwa vingi na wakaliaji wachache, na sasa imekuwa kinyume. Mwaka 2007, kwa kurekebisha Sheria ya Utumishi wa Umma, iliundwa Sekretarieti ya Ajira. Kazi nyingi za Serikali zikawa zinatangazwa, watu wanaomba, wanaitwa, wanaulizwa maswali. Hilo ndilo neno letu la nne: USAILI.

Mimi mwenyewe, baada ya kupata stashahada yangu, nilikaa miezi kumi na minne bila kazi. Mjomba wangu alipangiwa kazi mwaka 1979. Kila tulipoonana aliniuliza, "Mwanangu, umepangiwa wapi?" Nilidhani ananidhihaki, nikaanza kumkwepa hata misibani. Kumbe mzee wa watu alikuwa akiuliza swali ambalo zamani zake lilikuwa na jibu. Tulipoteza mwaka mzima kwa neno moja, na hakuna aliyekuwa na kosa.

Mzee uliyeniandikia, jibu lako ni hilo. Jirani anamkumbuka kijana wa zamani, wala hajamwona huyu wako akiandika.

Kazi ya nyumbani ni hii. Mwenye kijana aliyehitimu, leo jioni amwombe amsomee barua moja ya kuomba kazi, polepole, toka juu hadi chini. Kisha amwulize hiyo ni barua ya ngapi. Namba atakayotaja, iandikeni daftarini kwa mkono wenu wenyewe, mje nayo somo lijalo. Asiye na kijana kama huyo, akamwulize wa jirani.

Mwalimu wa darasa, waweza kuzima redio. Kwaherini.