Lango la Ualimu: Lafudhi na Uajiri wa Walimu katika Shule za Umma za New York

Kwa nini madarasa ya mijini nchini Marekani, yenye watoto wa kila asili, yamefundishwa kwa muda mrefu na walimu ambao wengi wao ni Weupe? Jibu linalotolewa aghalabu ni kwamba watu wa jamii nyingine hawajitokezi kuiomba kazi hiyo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia haikubaliani na jibu hilo. Walimu walikuwapo, walichokosa ni njia ya kupita langoni. Tumeuchagua mji wa New York kwa sababu huko sehemu moja ya lango hilo ilikuwa lugha, jambo ambalo sisi wanalugha hatuwezi kulifumbia macho.

Kwanza hatuna budi kuitazama hali ya Kusini mwa nchi hiyo. Huko sheria ilitenga shule za Weusi na za Weupe, na ualimu ulikuwa miongoni mwa kazi chache za heshima ambazo Mweusi msomi aliweza kuzipata. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Brown, kwamba utengano huo ulikuwa kinyume cha katiba. Uamuzi ulikuwa wa haki, ila utekelezaji wake uliachwa mikononi mwa wale wale walioutetea utengano. Shule nyingi za Weusi zilifungwa. Watoto wakahamishiwa shule za Weupe, na walimu wao wakaachwa nje. Inakadiriwa kwamba kati ya 1954 na 1965 walimu na wakuu wa shule Weusi wapatao 38,000 walipoteza kazi katika majimbo 17. Uhaba huo, basi, ulitengenezwa kwa mkono wa mtu.

New York haikuhitaji kufukuza. Ilikuwa na Bodi ya Watahini, iliyoundwa 1898 ili ualimu utolewe kwa uwezo wa mtu na si kwa kujuana na wanasiasa. Lengo lilikuwa jema. Lakini pamoja na karatasi za maandishi palikuwa na mtihani wa usemi, ambapo matamshi ya mtahiniwa yalipimwa kwa sikio la mtahini. Waliolelewa katika nyumba za Kiyidi walianguka kwa sababu ya lafudhi. Kadhalika Weusi waliotoka Kusini, na Wapuerto Rico ambao Kihispania kilisikika nyuma ya Kiingereza chao. Mtu aliyeimudu hisabati barabara aliweza kukataliwa kwa jinsi alivyotamka irabu. Lafudhi ya tabaka moja ilikuwa imefanywa kipimo cha akili za watu wote.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 kiasi cha nusu ya wanafunzi wa jiji walikuwa Weusi na Wapuerto Rico, ilhali walimu wa asili hizo walikuwa wachache mno. Mwezi Mei 1968 bodi ya wenyeji wa Ocean Hill-Brownsville, mtaani Brooklyn, iliwaandikia barua za kuwaondoa walimu na wasimamizi 19, wengi wao Weupe. Chama cha walimu kilichoongozwa na Albert Shanker kikajibu kwa migomo mitatu mwaka huo huo. Lipo jambo ambalo masimulizi ya mgogoro huo hulipita upesi. Kwa walimu wengi wa Kiyahudi, mtihani wa bodi ulikuwa ngao: katika miaka ya 1930, waajiri wengi walipowafungia milango, alama za mtihani zilikuwa kitu ambacho chuki haikuweza kukifuta kwa urahisi. Chombo kile kile kilichomkinga huyu kilimzuia yule, na kila mmoja alisema kweli ya mahali aliposimama.

Mahakama ndiyo iliyolitikisa lango. Katika kesi ya Chance na Mercado, iliyofunguliwa 1970, ilidhihirika kwamba kati ya walimu wakuu 1,000 wenye leseni, Weusi walikuwa 11 na Mpuerto Rico mmoja tu. Mwezi Julai 1971 Jaji Walter Mansfield alisimamisha mitihani ya vyeo hivyo, kwa kuwa haikuthibitika kupima kazi yenyewe. Bodi ya Watahini ilivunjwa 1990. Lakini geuzo lenye maana kubwa zaidi kwetu lilitokea Agosti 1974. Kutokana na kesi ya shirika la Aspira, Bodi ya Elimu ilikubali kwamba watoto wa Kihispania waliohitaji msaada wafundishwe masomo kwa lugha yao huku wakijifunza Kiingereza. Wakatafutwa walimu wa kuifanya kazi hiyo. Ulimi uliokuwa kosa jana ukawa sifa leo.

Hatusemi kwamba safari imekwisha. Katika mwaka wa masomo wa 2020/21 asilimia 80 hivi ya walimu wa shule za umma za Marekani walikuwa Weupe, ilhali wanafunzi Weupe hawakufika nusu. Tunalosema ni kwamba idadi haibadiliki kwa kuwahimiza watu waje, ikiwa kipimo kinachowangoja mlangoni hakijachunguzwa. Nasi tunaowatahini walimu wa Kiswahili, tukikunja uso kwa sababu ya lafudhi ya bara kabla hatujasikia somo lenyewe, tujiulize tunapima nini.