Kabla Useme "Dere Alikuwa na Haraka"

Kila treni ikigonga basi, huwa tunaandika sentensi moja: dere alikuwa na haraka. Kesi imeisha. Hata mimi nilikuwa naandika hivyo, hadi nikaacha campo na kufanya kazi ya makanga miezi minne. Kutoka pale mlangoni mambo huonekana tofauti.

Tuanze Utah, Marekani, Disemba 1, 1938. Ni asubuhi, theluji inamwagika, mbele hakuonekani. Dere wa basi la shule anasimama kwenye reli vile inatakiwa, haoni kitu, anavuka. Treni ya mizigo inampata. Anakufa na zaidi ya wanafunzi 20. Hakuwa na haraka. Ni baada ya ajali hiyo ndiyo sheria ilikazwa: basi la shule likifika kwenye reli, dere asimame, afungue mlango, asikilize. Huo mlango bado unafunguliwa hadi leo.

Oktoba 25, 1995, Fox River Grove, Illinois. Dere wa siku hiyo anashikilia tu mwenzake, njia si yake. Anavuka reli, anasimama kwenye taa nyekundu kama dere mwenye adabu. Shida ni kwamba nafasi kati ya reli na taa ni fupi kuliko basi. Nyuma kunabaki karibu mita 1 ndani ya njia ya treni. Wanafunzi 7 wanakufa. Yeye anapona. Wachunguzi wakakuta watu wa reli na watu wa barabara hawakuwa wameelewana vizuri kuhusu mpangilio wa taa. Lakini hebu jiulize, hao wote, nani alienda kulala usiku huo akisikia ule mgongano kichwani? Hayo pia ni majeraha, ni vile tu hayafungwi bandeji.

Halafu Ottawa, Kanada, Septemba 18, 2013. Basi la ghorofa. Taa zinawaka, kizuizi kimeshuka, kengele inalia. Bado linagonga treni, na sehemu yote ya mbele inang'olewa. Watu 6 wanakufa, dere akiwemo. Ndiyo, alikuwa amepita kidogo mwendo wa 60 kwa saa. Lakini hapo karibu na usukani kulikuwa na skrini ndogo ya kumwonyesha abiria wa juu, na alitarajiwa kuiangalia kama sehemu ya kazi. Wachunguzi waliitaja kama kitu kilichochangia kumtoa macho barabarani.

Siku 42 baadaye, Oktoba 30, ikawa zamu yetu. Mutindwa, Nairobi, asubuhi ya watu kwenda job. Basi na treni. Zaidi ya watu 10 walikufa. Sisi tukasema ile sentensi yetu, tukaendelea na maisha.

Sikatai, kuna madere wanacheza na treni, na abiria wanawashangilia. Treni haiwezi kukwepa, na ikiwa kasi inaweza kuhitaji kilomita nzima kusimama. Anayejua hivyo na bado ajaribu, ana makosa. Lakini dere wa basi ameketi mbele kabisa. Kati ya magoti yake na treni kuna bati na kioo tu. Hakuna mtu mwenye akili anapanga kufa hivyo.

Kwa gari letu, dere mzee alikuwa na sheria yake: kabla ya reli anazima muziki, mimi nashuka, naangalia pande zote mbili, ndio napiga bodi. Abiria walikuwa wanatutusi. "Makanga, tumechelewa!" Siku moja mwenye gari akapiga simu akasema tunapoteza muda, tuache. Mzee alinyamaza, halafu akaniambia nishuke tu.

Kwa hivyo ukiona makanga ameshuka kwenye reli, tulia. Hizo sekunde kuna watu walizilipia.