Mchoraji wa Nchi Mbili

Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Lakini je, yule aliyelazimika kucheza ugenini hutunzwa na nani? Swali hilo twaweza kuliuliza juu ya Theresa Musoke, mchoraji wa Uganda.

Musoke alisomea Makerere, katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell mwaka 1937. Katika miaka ya 1960 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya sanaa chuoni hapo. Angali mwanafunzi, alichora picha kubwa ya ukutani juu ya uzazi katika Mary Stuart Hall, bweni la wanawake. Kisha alisoma London na Pennsylvania, Marekani.

Tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alitwaa serikali kwa nguvu za jeshi. Wasomi wengi waliuawa, na wengine wakakimbia. Sisi wa Moi's Bridge, tulio kando ya barabara ya Kitale, hatuko mbali na njia waliyopita wengi wao: Malaba, Bungoma, Eldoret, hadi Nairobi. Musoke naye alihamia Kenya katika miaka hiyo, akakaa zaidi ya miaka 20. Alifundisha sanaa, naye hakuiweka chini brashi yake. Katika picha zake wanyama wa porini hujitokeza polepole miongoni mwa rangi, kana kwamba wanatoka ukunguni. Alirudi Uganda mwaka 1997.

Mbona basi jina lake halikuvuma? Sababu haziko mbali. Waganda waliohesabu wasanii wao waliwatazama kwanza waliobaki nyumbani. Wakenya nao waliwatazama wenyeji wao. Aliye kati ya nchi mbili akakosa wa kumhesabu. Tena, picha ikiuzwa huingia nyumbani mwa mnunuzi, mlango ukafungwa. Mtoto wa shule hawezi kuiona.

Mlango huo ulifunguliwa kidogo na mchoraji mwingine, Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi. Alisaidia kukusanya picha za wachoraji wa Afrika Mashariki, za Musoke zikiwemo, zikaonyeshwa Munich mwaka 2020, London mwaka 2021, na Nairobi mwaka 2022. Maonyesho ya Munich na Nairobi yalipewa jina la Kiswahili: Mwili, Akili na Roho. Hivyo picha zilizochorwa karibu nasi zilitazamwa kwanza Ulaya, ndipo zikarudi kwetu.

Hapo pana funzo. Historia si habari za wafalme na vita pekee. Ukiona picha ukutani mwa kanisa au shule yenu, uliza: nani aliichora, naye alitoka wapi? Wahenga walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, nasi tukapona. Lililobaki ni kumkumbuka kwa jina.